Namba Tisa Anashuka Ngazi

9 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Itikia hapo hapo ulipo, nitasikia tu. Mimi mzima, isipokuwa shingo, ambayo inauma kwa kukodolea skrini kutwa. Mkaza mjomba hajambo? Mwambie sweta alilonifumia nalivaa ofisini kila siku, mpaka mchoraji wetu kaanza kuniuliza kwa upole kama nina nguo nyingine.

Naandika barua kwa sababu wewe na simu hamuivi. Masikio yako umeyamaliza mwenyewe kwa filimbi, miaka ishirini na sita ya kupuliza, nani alikutuma?

Sasa jambo lenyewe. Dereva anayekuletea barua hii anakuletea pia kompyuta ya kukunja, kuukuu lakini nzima. Ndani yake mna gemu ninayoitengeneza. Mtu anayeicheza hapigi mpira, yeye ndiye kocha: anasajili, anapanga kikosi, anaamua nani aanze na nani akae benchi, kisha anatazama mechi huku roho ikimdunda. Ofisini tuko wachache tu, na bosi anataka gemu ya mpira iliyo ya kweli kuliko zote. Mimi mpira naujulia wapi? Nyumbani kwetu unajua mwenyewe, mechi ikianza tu baba anazima redio. Kwa hiyo nimekukimbilia wewe uliyekuwa kocha hasa. Icheze, kisha uniambie wapi inadanganya. Usinionee haya.

Mpwa wako,
Kidole Kimoja


2 Februari

Kidole Kimoja, mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mbili, moja ya akiba. Jina hilo nilikupa una miaka saba, ulipokuwa ukinipigia chapa orodha ya kikosi kwa kidole kimoja, mechi inaanza wewe bado uko kwa mabeki. Sikujua kidole hicho kitakuja kula mshahara!

Hapa sote wazima. Mkaza mjomba wako anafuma sweta la pili, mwambie mchoraji awe na subira. Mama yako alikuja juzi kulalamika kwamba vitunguu vimeadimika, akaondoka na vyetu. Baba yako mzima, anatengeneza cherehani zake.

Gemu nimeicheza. Mwanangu, ni nzuri kwa macho, lakini ni uongo mtupu. Kwanza, uwanja wako umenyooka kama meza. Uwanja gani huo? Wetu ulikuwa na mteremko, kona ya chini kipa alikuwa anadaka mpira na matope yake. Pili, wachezaji wako hawana kwao. Niliwafundisha watu mimi: mmoja mke kajifungua, mwingine kafukuzwa kazi, wa tatu na wa nne wamechangia jozi moja ya viatu na sasa wamegombana. Kila mmoja nilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari, namsikiliza shida yake kabla sijampa jezi. Wako wanakuja mazoezini kama wameanguka kutoka mbinguni. Tatu, basi lako haliharibiki. Nne, mwenyekiti wa timu yuko wapi? Yule wa kukwambia mpange kijana wa shemeji yake, awe anaujua mpira au haujui?

Tia hayo, ndipo tuongee.

Mjomba wako


21 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na asante! Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini, watu wamecheka mpaka bosi akatoka chumbani kwake. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine, chenye dirisha linalotazama ukuta, lakini ni ukuta msafi.

Nimetia yote. Yote, mjomba! Mteremko upo. Basi linaharibika. Mwenyekiti ana mashemeji sita. Na kila mchezaji anakuja kukugongea mlango na shida yake. Nimeandika shida sitini za aina mbalimbali, na usipomsikiliza mtu ananuna, na akinuna hachezi. Bosi kasema huu ndio uhalisia aliokuwa akiuota. Flashi yenye gemu mpya iko ndani ya bahasha, ichomeke ubavuni mwa kompyuta.

Sasa nione utasema nini.

Kidole Kimoja


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe nimechelewa kujibu, si ugonjwa wala uvivu. Sisi wazima. Mama yako kapaka ukuta wa jikoni rangi ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja jina. Baba yako mzima, anatengeneza cherehani zake.

Gemu sasa imenoga. Watu wana shida za kweli, nawasikiliza mmoja mmoja, nimewafungulia na daftari. Kilichonichelewesha ni namba tisa. Kaumia goti mazoezini, na skrini ikaandika: nje wiki tatu. Basi nikangoja. Nimetia alama kwenye kalenda ya ukutani, na kila asubuhi nikishakunywa chai nafungua kompyuta namtazama kama kuna nafuu, nafunga. Leo wiki tatu zimetimia kamili lakini skrini bado imeandika wiki tatu. Sasa nauliza, ni hesabu zako zimekosea au kijana kaumia zaidi ya alivyosema daktari? Maana madaktari nao!

Kuna kitufe hapo chini kimeandikwa "Endelea". Sijakigusa. Sitaki kumharakisha mtu.

Mjomba


14 Aprili

Mjomba wangu, mjomba wangu,

Shikamoo, na unisamehe kicheko, maana nimecheka mpaka machozi. Siku za kwenye gemu si siku za kalenda! Ukibonyeza "Endelea" wiki inapita hapo hapo. Kijana wa watu umemkalisha kitandani mwezi mzima kwa kitufe kimoja.

Mimi sijambo kwa mwili, ila kazini mambo yameharibika. Tulimpa gemu mhasibu wetu aijaribu. Akacheza saa tano. Unajua alifika wapi? Hajafika popote. Alisikiliza ndoa mbili zinazovunjika, akapatanisha wenye jozi moja ya viatu, basi likamharibikia mara tatu, na filimbi ya mechi ya kwanza haijapulizwa. Akasimama akasema, "Shida ninazo nyumbani kwangu tele, mnataka nizifuate na huku?" Akarudi kwenye mafaili yake, na sijawahi kumwona mtu anayafurahia mafaili namna ile.

Kwa hiyo bosi kageuka. Mwisho wa Julai tutawapa gemu watu kumi. Wasipofika sita watakaomaliza msimu mzima, gemu inafungiwa kabatini na mimi narudi kutengeneza programu za kupanga magari kwenye maegesho. Mjomba, miaka mitatu ya kazi! Nikipunguza ukweli inakuwa uongo mtupu, maneno yako hayo. Nikiuacha, hakuna anayecheza. Nipunguze nini?

Na jambo jingine. Nimekuwa nikijiuliza, mtu mzima mwenye akili zake anangojaje wiki tatu kwa goti la kwenye kompyuta? Nilimsimulia mama kwenye simu ili tucheke wote. Hakucheka. Akaanza habari za vitunguu. Tena nimezirudia barua zako: kila mtu unamwandikia vituko vyake, baba peke yake ana sentensi moja, ile ile, neno kwa neno. Kuna nini?

Kidole Kimoja


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua zimekuja kwa fujo, paa la jirani limehamia kwetu, tumelirudisha kwa heshima zote. Mkaza mjomba kamaliza sweta la pili na kaanza la mchoraji, akikisia vipimo vyake kwa kutupima sisi. Baba yako mzima.

Kuhusu kupunguza, wewe ndiye fundi. Mimi nilikuwa nasema ya kwangu tu.

Salimia ofisini.

Mjomba


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za kukupa, kwa sababu habari zangu zote ni hii gemu, na gemu imekwama. Nikifuta shida za wachezaji asubuhi, jioni nazirudisha. Bosi ananipita koridoni ananiuliza, "Tumefika wapi?" nami namwonyesha ukuta.

Nimeuliza swali, umenipiga chenga. Umeacha hata cherehani, umebaki na "mzima" tu. Wewe ndiye uliyeniambia gemu yangu ni uongo mtupu, nami nikaupokea ukweli wako bila kununa. Sasa na mimi nakuomba ukweli mmoja. Najua baba alicheza mpira ujanani. Goti lake bovu nimeambiwa tangu utotoni kwamba alianguka ngazi. Ngazi gani, mjomba?

Mpwa wako anayekupenda na aliyekasirika


11 Juni

Mwanangu Kidole Kimoja,

Marahaba, na usikasirike. Mkaza mjomba wako kasoma barua yako kabla yangu, akaniwekea kalamu mezani na kuniambia chakula kitakuja nikishaandika. Basi naandika na njaa.

Ngazi ni za chumba cha kubadilishia nguo. Ni tisa, za saruji, zinashuka mpaka uwanjani. Baba yako alikuwa namba tisa wangu, watu walimwita Ndimu kwa sababu hakuingia uwanjani bila kunyonya ndimu, na mabeki nao wakishakutana naye walikunja nyuso. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Ilikuwa siku ya fainali. Mimi nilikuwa nikisimama chini ya ngazi nawahesabu wanavyoshuka. Wote walishuka mbio. Yeye alishuka kiubavu, mkono kwenye ukuta, ngazi moja moja. Nikamuuliza, "Ndimu, vipi goti?" Akasema, "Niko sawa, shemeji."

Hakuwa sawa. Na mimi nilimwona kwa macho yangu haya mawili, hapo ndipo penye kuuma. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Mwenyekiti yuko jukwaani, mji mzima umekuja, namba tisa mwingine sina. Nikampanga. Dakika ya kumi na mbili akafunga. Dakika ya arobaini goti likakatika, hakuna aliyemgusa.

Kombe tulichukua. Sikulishika. Daktari alisema wiki tatu. Zikapita tatu, zikapita thelathini, akaweka viatu chini akashika cherehani. Wewe tukakwambia alianguka ngazi. Ngazi zilikuwepo kweli, kuanguka ndiko hakukuwepo.

Hajanilaumu hata siku moja. Nami sijamwomba radhi hata siku moja. Tunaonana kila wiki, tunakula sahani moja, tunaongea habari za cherehani. Mpira haujapita kati yetu tangu siku ile. Nilifundisha miaka mingi baadaye, na mchezaji akiniambia yuko sawa namweka benchi, mpaka wakaniita Kocha Benchi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Goti alificha yeye, lakini haya mengine yote nimeficha mimi.

Sasa kuhusu gemu yako. Nimekaa na daftari langu la zamani nikalipitia ukurasa kwa ukurasa. Mwanangu, nilikudanganya bila kujua. Zile shida zote za watu nilizisikiliza, ni kweli, lakini sizikumbuki. Miaka ishirini na sita, na siku ninazozikumbuka hazifiki kumi. Siku nyingine zote zilikuwa jasho na kungoja basi. Mwonjeshe mtu jasho kidogo tu ajue lipo, kisha mpeleke kwenye siku zile zisizozidi kumi. Mimi najua pa kuanzia, nawe sasa unapajua.

Chakula kimeletwa. Ni cha moto.

Mjomba wako


29 Juni

Mjomba,

Shikamoo, kwa mikono miwili. Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimelia kidogo, kisha nimefanya kazi kama mwendawazimu, na sijakuchukia hata kidogo, kwa hiyo kula kwa amani.

Shida sitini zimebaki saba. Wiki inapita kwa kubonyeza mara moja. Basi linaharibika mara moja tu kwa msimu, lakini linachagua siku. Mteremko nimeuacha, mhasibu anaupenda. Na kabla ya kila mechi, mchoraji amechora ngazi tisa za saruji. Wachezaji wanashuka, wewe uko chini unawatazama, ni sekunde chache tu. Mwenye maumivu aliyoyaficha anashuka kiubavu, mkono ukutani. Gemu haikwambii kitu. Ukimuuliza, atakujibu daima, "Niko sawa, kocha." Kisha uamue mwenyewe. Bosi alitaka tutie alama nyekundu kichwani kwa mchezaji, watu wasipitwe. Nimekataa. Nimemwambia ukitia alama nyekundu umemfuta mchezaji na umemfuta kocha. Alinitazama sana, akasema haya.

Gemu mpya sikuiweka kwenye bahasha hii, usiitafute. Flashi nimemtumia baba, kule kwenye karakana yake. Najua hana kompyuta. Na wewe kompyuta unayo, flashi hii huna. Sasa mtajuana.

Kidole Kimoja


7 Agosti

Mwanangu Kidole Kimoja, fundi wa mafundi,

Marahaba! Ujumbe wako umefika kwenye simu ya mama yako: tisa kati ya kumi wamemaliza msimu! Amekuja nao mbio mpaka hapa, kwa furaha katuletea vitunguu. Hongera, mwanangu. Magari ya kwenye maegesho yatajipanga yenyewe. Na huyo wa kumi ni nani? Mtafute, mwambie mimi nataka kuongea naye.

Sasa nikupe habari za baba yako, na safari hii si sentensi moja.

Juzi Jumamosi kasimama mlangoni kwangu na fimbo yake, flashi kaishika kwa vidole viwili. Akasema, "Nimeletewa kitu, hakiingii kwenye cherehani." Nikamwambia pita. Nikamwekea kiti. Nikaichomeka. Tukaanza msimu, mimi kocha, yeye msaidizi. Kwanza alikuwa anatazama tu. Mechi ya tatu nikambadilisha winga, akaruka kitini: "Unamtoa huyo? Unamtoa huyo kweli?" Ndimu yule yule! Tumecheza Jumamosi yote na Jumapili yote, mkaza mjomba anatulisha kama wagonjwa, na tukafika fainali.

Wachezaji wakaanza kushuka zile ngazi. Namba tisa akashuka kiubavu.

Mkaza mjomba kaweka sindano zake chini. Nikamuuliza yule kijana, akajibu kama ulivyomfundisha: "Niko sawa, kocha." Baba yako akasema, "Mpange." Nikasema simpangi. "Shemeji, mpange, hii ni fainali!" Nikasema, simpangi hata kwa dawa. Nikamweka benchi. Nikamgeukia baba yako nikamwambia, "Nisamehe, Ndimu. Nilikuona siku ile." Nimengoja miaka ishirini na mitano kuyasema maneno hayo, yametoka kwa pumzi moja.

Mechi imeanza, tumefungwa mbili bila. Baba yako kachukua kofia na fimbo, akaondoka hata chai hajamaliza. Nilikaa pale na kompyuta yako nikajua nimeharibu yote.

Leo mchana karudi. Anataka kalamu. Nampa.

*

Mwanangu, mimi ni baba yako. Shemeji kaniachia nafasi hii ndogo hapa chini.

Jana niliondoka kwa hasira. Nimecheza miaka tisa na sikuwahi kuwekwa benchi, jana ndiyo mara ya kwanza, na nakwambia inauma kuliko goti. Nikiwa njiani nikaelewa kitu. Siku ile ya fainali shemeji angenikalisha, ningemchukia mpaka leo, na goti langu zima. Mimi ndiye niliyemwambia niko sawa. Alikuwa na macho, na mimi nilikuwa na mdomo.

Kwa hiyo nimemwambia hivi, nawe uwe shahidi: siku ile ulikosea tukashinda, jana umepatia tukafungwa. Tumetoka sare, shemeji. Analia huko kwenye kiti chake, mzee mzima, mkewe anamfuta machozi kwa sweta la mchoraji wenu, na kasema sweta hilo sasa lifuliwe kwanza ndipo litumwe.

Msimu wa pili tunaanza Jumamosi. Kocha ni mimi, yeye atakaa benchi.

Baba yako,
Ndimu